Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: surua inayojificha ubongoni na watoto wa delta ya Rufiji

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima naomba unipokee, mimi mzazi na mkazi wa Kibiti, na natanguliza samahani kwa kukuandikia hadharani wakati ofisi yako ina milango na taratibu zake. Nimechagua barua ya wazi kwa kuwa jambo hili linawagusa pia wauguzi, walimu na wazazi wa delta, na ningependa walisikie pamoja nawe. Nakuomba, kwa hisani yako, unipe nafasi nilieleze taratibu.

Adabu inanitaka nianze na shukrani, nazo natoa kwa moyo mweupe. Chanjo ya surua na rubella inatolewa bure nchini kwetu: dozi ya kwanza mtoto akitimiza miezi 9, ya pili akitimiza miezi 18. Dozi hiyo ya pili iliingia katika ratiba ya kawaida mwaka 2014, na Februari 2024 wizara yako iliendesha tena kampeni ya kuwafikia watoto walioachwa nyuma. Wapo watoto wa Kibiti wanaokimbia leo kwa sababu ya kazi hiyo, ingawa hakuna anayeweza kuwataja kwa majina, maana ugonjwa uliozuiwa hauachi alama. Mwenyezi Mungu awalipe wote walioifanya.

Ninalokuja nalo, Mheshimiwa, ni ugonjwa adimu wa ubongo wa watoto ambao madaktari huuita kwa kifupi SSPE. Najua unaufahamu kuliko mimi. Naomba tu ruhusa niueleze kwa ajili ya mzazi wa Mbuchi au Kiongoroni, kata za delta, ambaye huenda hajawahi kuusikia.

Mtoto anaugua surua akiwa mchanga. Homa inapanda, macho yanakuwa mekundu, vipele vinaenea, kisha siku zinapita na anapona. Mama anashukuru Mungu na maisha yanaendelea. Miaka 7 inapita, au 8, au 10. Mtoto yuko shuleni, anasoma, anacheza mpira. Halafu, bila homa wala ajali, anaanza kubadilika. Mwandiko wake unatoka nje ya mstari. Hesabu alizokuwa akizijua zinampotea. Anakuwa mkali, au mnyonge, au mzito wa kuelewa. Wiki au miezi kadhaa baadaye mwili unaanza kushtuka: kikombe cha uji kinamponyoka, kichwa kinaangukia mbele, kisha anarudi katika hali yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Sekunde chache zinapita, anashtuka tena. Baadaye anashindwa kutembea, kisha kusema, kisha kumeza. Wengi hufariki ndani ya mwaka 1 hadi 3 tangu dalili za kwanza. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Chanzo chake ni kile kirusi cha surua. Hakikutoka mwilini, kilibaki ndani ya seli za ubongo, kikabadilika polepole na kusambaa kutoka seli moja hadi nyingine, huku mtoto akionekana mzima kabisa.

Kuujua ukweli huu kulichukua muda mrefu. Mwaka 1933 daktari wa Marekani, James Dawson, alieleza alama za ajabu alizoziona ndani ya seli za ubongo wa mgonjwa kijana, akahisi zimeletwa na kirusi. Hakuwa na njia ya kukitaja kirusi hicho. Mwaka 1967 watafiti walikuta kwa wagonjwa wa aina hiyo kiwango kikubwa mno cha kingamwili dhidi ya surua, na mwaka 1969 kirusi chenyewe kikaoteshwa maabara kutoka katika ubongo wa wagonjwa. Dhana ya Dawson ilisubiri miaka 36 kupata ushahidi. Baadaye uchunguzi wa vinasaba uliongeza jambo ambalo kila mzazi anastahili kulisikia: virusi vilivyopatikana katika ubongo wa watoto hawa vimekuwa vya surua inayoambukizwa kati ya watu, wala si vile vilivyodhoofishwa vya kwenye chanjo. Chanjo haileti ugonjwa huu. Chanjo ndiyo kinga pekee tuliyonayo dhidi yake.

Kwa muda mrefu vitabu vilisema ugonjwa huu humpata mtoto mmoja katika makumi ya maelfu ya walioumwa surua. Watafiti wa California walipopitia upya kumbukumbu za wagonjwa wa mwaka 1998 hadi 2015, walipata picha nzito zaidi: kwa walioumwa surua kabla ya kutimiza miaka 5, takriban mtoto 1 kati ya 1,367, kwa walioumwa kabla ya kutimiza mwaka 1, takriban 1 kati ya 609. Na Septemba 2025 Idara ya Afya ya Umma ya Kaunti ya Los Angeles ilitangaza kifo cha mtoto wa umri wa shule kwa SSPE. Alikuwa ameambukizwa surua akiwa mchanga, kabla ya kufikia umri wa kuchanjwa.

Hapo, Mheshimiwa, ndipo moyo wangu uliposimama. Mwenye hatari kubwa kuliko wote ni yule ambaye ratiba ya chanjo bado haimruhusu kuchanjwa. Mtoto wa miezi 6 hana cha kujikinga nacho ila kinga aliyoachiwa na mama yake, ambayo inaendelea kupungua, na kinga ya wanaomzunguka: dada yake, watoto wa jirani, wale wanaosafiri naye boti moja. Surua ni miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza kwa kasi kuliko yote, na ndiyo maana wataalamu wanataka watoto 95 kati ya kila 100 wawe wamepata dozi zote mbili. Ugonjwa huu wa ubongo ni adimu mahali ambapo surua ni adimu. Surua ikirudi, nao unarudi, lakini unakuja kwa kuchelewa, wakati watu wameshasahau.

Ushahidi wa hilo tunao barani kwetu. Afrika Kusini ilipatwa na mlipuko mkubwa wa surua kati ya mwaka 2009 na 2011. Baadaye madaktari wa Cape Town wakaanza kuwapokea watoto wenye SSPE kwa wingi usio wa kawaida. Miongoni mwa walioandika kuhusu ugonjwa huo katika jarida la kitabibu mwaka 2015 alikuwemo Mtanzania, Dk. Edward Kija, bingwa wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu ya watoto. Kwa hiyo elimu hii haihitaji kuagizwa kutoka mbali. Iko Hospitali ya Taifa ya Muhimbili.

Na hapa nchini, mapema mwaka 2023, surua iliua watoto katika Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi. Waliofariki tumewazika na tunawaombea. Wapo pia walionusurika, na miongoni mwao wamo waliokuwa wachanga. Ukihesabu miaka 7 kutoka hapo, inakuja 2030. Siandiki haya kumtisha mzazi yeyote wa Katavi, kwa kuwa hata kwa mtoto aliyeumwa akiwa mchanga uwezekano mkubwa sana ni kwamba atakua salama. Naandika ili mwaka huo usitukute hatujajiandaa.

Naomba radhi nikigusa kidogo jambo la jirani. Sehemu ya maji ya Mto Rufiji yanayopita chini ya Daraja la Mkapa hutoka bonde la Kilombero, chini ya milima ya Mahenge. Kule Mahenge, tangu miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwe aliwahudumia watu wenye kifafa na akawaeleza watoto waliokuwa wakiangusha vichwa mbele mara kwa mara. Ugonjwa huo, ambao leo unajulikana kama ugonjwa wa kutikisa kichwa, ulikuja kuwakumba pia watoto wa kaskazini mwa Uganda na wa Sudan Kusini. Virusi vya aina nyingi vimetafutwa kwa wagonjwa hao bila kupatikana. Kinachoonekana ni uhusiano mkubwa na minyoo ya usubi, na namna minyoo hiyo inavyoudhuru ubongo bado inachunguzwa. Nautaja ili nisionekane nakisingizia kirusi kila ugonjwa wa ubongo. Kichwa cha mtoto kikianguka mbele kinaweza kuwa na sababu kadhaa, na kila moja ina ushahidi wake. Kwa ugonjwa wa Mahenge wataalamu bado wanatafuta. Kwa SSPE chanzo kinajulikana, na chanjo ya surua ipo tangu mwaka 1963. Kazi iliyobaki ni kuifikisha.

Sasa nakuomba, Mheshimiwa, unisindikize hadi delta.

Kata za Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni ziko ndani ya Wilaya ya Kibiti, lakini njia zake ni mito na vijito katikati ya mikoko. Anayepanga safari huko huanza kwa kuutazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na alasiri. Saa nne asubuhi vijito vingi vimebaki matope na boti limelala ubavu. Siku za maji mafu ni kinyume: asubuhi ya kati ndipo maji huwa yamejaa, ingawa si kwa kimo kikubwa. Hili mvuvi yeyote wa Nyamisati atakwambia bila kufungua kitabu.

Huduma ya mkoba, yaani muuguzi kuwafuata watu vijijini kwa chanjo, kwa upande wake hupangwa kwa kalenda ya ukutani. Ikiandikwa kuwa kliniki ni Alhamisi ya kwanza ya mwezi, Alhamisi hiyo inaweza kuangukia bamvua mwezi huu na maji mafu mwezi ujao. Muuguzi anafika bandarini na boksi lake la chanjo na barafu, anakuta maji yamekupwa. Akisubiri yajae, anawafikia akina mama jua linapoinama, wakiwa wamesubiri tangu asubuhi na wengine wameshaondoka. Hapo hakuna mzembe. Muuguzi alikuja, mama alikuja, ila kalenda mbili zilipishana.

Liko na la mashamba. Mpunga wa huku una msimu wake, na wakati wa msimu familia nyingi huhama vijijini na kuishi shambani kwenye madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya maji, ili kuamia ndege na kufukuza nguruwe na kima. Hebu tumchukue mtoto aliyezaliwa Agosti. Miezi 9 anaitimiza Mei, punje zikiwa zimejaa, ndege wakiwa wengi, na mama akishuka dunguni kwa siku moja anaweza kukuta kazi ya mwaka mzima imeliwa. Miezi 18 anaitimiza Februari ya pili, wakati wa kupandikiza na kupalilia. Dozi zote mbili za mtoto huyu zinaangukia siku ambazo mama yake hayupo kijijini. Kadi ya kliniki ipo, imefungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni isilowe, ila nafasi mbili za surua ziko wazi. Mama huyu hakuikataa chanjo.

La tatu ni chupa yenyewe. Chanjo ya surua na rubella huja ikiwa unga, kwa kawaida dozi 10 katika chupa moja. Ikishachanganywa na maji yake, inatakiwa itumike ndani ya saa 6, kisha kilichobaki kimwagwe. Katika kitongoji chenye watoto wawili wanaostahili, muuguzi anaishika chupa ile na kufikiri: nikiifungua, nane zinamwagika, na taarifa ya mwezi itaonesha upotevu. Akimwambia mama arudi siku watoto watakapokuwa wengi, siku hiyo inaweza isifike. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Lakini muuguzi aliye peke yake ndani ya boti anahitaji kuusikia kwa sauti ya mkubwa wake, ili asije akaulizwa.

Kutokana na hayo, kwa unyenyekevu, nina maombi manne.

La kwanza, ukiridhia, uelekeze kwamba huduma ya mkoba katika kata za delta ipangwe kwa siku za mwezi mwandamo na kwa msimu wa mpunga. Wazee wa bandari wakae na mratibu wa chanjo wa wilaya kila mwanzo wa mwaka, waandike siku ambazo maji yanaruhusu kwenda na kurudi mchana. Na katika miezi ya kuamia, boti lipite madunguni badala ya kungoja watu wasiokuwepo kijijini. Zoezi hili linahitaji mkutano wa siku moja na mafuta ya boti.

La pili, utoe neno lako, kwa waraka au kwa njia utakayoona inafaa, kwamba muuguzi anayefungua chupa kwa ajili ya mtoto mmoja amefanya kazi yake vyema, na kwamba dozi zilizomwagwa kwa sababu hiyo hazitahesabiwa kuwa kosa lake. Najua kila dozi ina gharama. Naomba tu ilinganishwe na miaka ya kumlisha kwa mrija mtoto ambaye hawezi tena kumeza.

La tatu, zahanati zetu na shule zetu zipewe karatasi moja ya maelezo. Huku kwetu mtoto akishtuka mwili, watu wengi hufikiria degedege, na wapo wanaoanzia kwa mganga wa kienyeji. Siwalaumu, ndivyo walivyoachiwa na wazazi wao. Lakini degedege huja na homa, tena huwapata zaidi watoto wadogo. Mtoto wa miaka 9 asiye na homa, anayeporomoka darasani na kushtuka kwa mpangilio, anahitaji njia nyingine. Mwalimu wa darasa la tatu ndiye anayeweza kuwa wa kwanza kuona, kwa sababu madaftari ya mtoto yako mkononi mwake. Karatasi hiyo imwambie nini cha kutazama, impe muuguzi swali moja la kumuuliza mama, yaani mtoto huyu aliwahi kuumwa surua, na akiwa na umri gani, kisha ionyeshe njia ya rufaa hadi kwa mabingwa wa ubongo wa watoto, wenye kipimo cha umeme wa ubongo na cha maji ya uti wa mgongo. Hata pale ambapo hakuna cha kuponya, kuna cha kutuliza, na kuna amani ya kuwajulisha wazazi kwamba mtoto wao hakurogwa wala hakulaaniwa, na kwamba hawakukosea malezi.

La nne, watoto hawa wahesabiwe. Kila mgonjwa wa surua aandikwe na umri wake kwa miezi, na walioumwa kabla ya kutimiza miaka 2 wawekwe katika orodha itakayoweza kufunguliwa tena miaka 10 baadaye. Ugonjwa uliotengana na chanzo chake kwa miaka 8 hauwezi kuonekana na mtu anayetazama taarifa za mwezi huu peke yake.

Ombi hili la mwisho nalitoa kwa kujiamini, Mheshimiwa, kwa sababu Rufiji imeshaifundisha dunia umuhimu wa kuhesabu. Mwaka 1998, wakati Kibiti ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji, mradi wa wizara yako ukishirikiana na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, IDRC, ulianza kuandika kila uzazi, kila kifo na kila uhamaji katika vijiji vya huku, kaya kwa kaya. Wakuu wa afya wa wilaya wakaona kwa macho yao magonjwa yaliyokuwa yakiua watoto na mahali fedha zilikokuwa zikienda, wakaona haviendani, wakazihamishia panapohitajika. Fedha iliyoongezwa ilikuwa ndogo, haikuzidi dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka. Ndani ya takriban miaka mitano vifo vya watoto wa Rufiji vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Habari hiyo ilisomwa nje ya mipaka yetu, na waliofanya kazi hiyo walikuwa waganga, wauguzi na wakusanya takwimu wa wilaya hii, waliopita mlango kwa mlango na daftari mkononi.

Nimesikia ikisemwa kwamba nchi yenye malaria, vifo vya uzazi na upungufu wa damu haina nafasi ya kushughulika na ugonjwa wa watoto wachache. Hoja hiyo naiheshimu, na ningeikubali kama SSPE ingehitaji hospitali yake, dawa zake na bajeti yake. Haihitaji. Kila ninachokiomba hapa kinazuia kwanza surua yenyewe, pamoja na nimonia, upofu na vifo vinavyofuatana nayo katika wiki zile zile. Ugonjwa wa ubongo unazuiliwa kwa sindano hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, na muuguzi huyo huyo. Tofauti ni kwamba surua inatupa nafasi ya kumtibu mtoto akiwa bado kitandani, wakati SSPE inatupa nafasi moja tu, nayo ni kabla mtoto hajaambukizwa.

Kama nimetumia neno lisilostahili mbele ya cheo chako, naomba unisamehe. Nia yangu ni njema. Na kama ratiba yako itakuruhusu kututembelea, wazee wa Nyamisati watakuchagulia siku ambayo maji yako sawa, na wauguzi wetu watafurahi kusafiri nawe katika boti lao la kazi, na boksi la chanjo likiwa limejaa.

Nakutakia afya njema, hekima na wepesi katika majukumu yako mazito, na nasubiri jibu lako kwa utii na matumaini.

Wako mtiifu,

Mzazi na mwandishi,
Kibiti, Mkoa wa Pwani.